Miaka ya Satchel Paige na miaka yetu

Besiboli haichezwi sana kwetu, kwa hiyo huenda wasomaji wengi hawamjui Satchel Paige. Alikuwa mrushaji, yaani yule anayemtupia mpira mchezaji mwenye gongo. Timu nzima humtegemea yeye.

Alizaliwa mwaka 1906 mjini Mobile, Alabama, nchini Marekani. Kuanzia mwaka 1926 alicheza katika ligi za Weusi, maana ligi kuu ilikuwa ya Wazungu watupu. Leo mji huu, kesho ule. Mwaka 1937 alifika hadi Jamhuri ya Dominika kutafuta riziki.

Jackie Robinson alipofungua mlango mwaka 1947, wengi walidhani umri wa Paige umekwisha. Mwaka 1948 Cleveland ikamwajiri akiwa na miaka 42. Wapo waandishi waliosema ni mzaha. Mzee huyo alishinda michezo 6, akapoteza 1, na Cleveland ikatwaa ubingwa!

Sasa tazama hesabu za makarani. Mwaka 1968 Paige alikuwa amepungukiwa siku 158 ili apate pensheni. Ile miaka 20 na zaidi ya ligi za Weusi ilihesabiwa sifuri. Timu ya Atlanta ilimwandikisha kazi ili siku zitimie. Watu waliita huo msaada. Mimi nasema alikuwa anadai.

Mwaka 1971, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli, wakubwa walipanga awekwe sehemu ya pembeni pamoja na Weusi wenzake, hadi watu walipopiga kelele. Ligi zake zilitambuliwa kuwa ligi kuu Desemba 2020, na takwimu zikaingizwa rasmi mwaka 2024. Paige alifariki mwaka 1982.

Sisi tuliosoma na kufundisha ukimbizini tunaijua hesabu ya aina hiyo. Wapo walimu waliofundisha kambini miaka mingi, chini ya hema, na waliporudi wakaambiwa waanze ngazi ya chini kabisa kwa kuwa cheti kina mhuri wa ng'ambo. Mfanyabiashara wa mpakani atashangaa: gunia lake la maharage halipungui kilo likivuka kizuizi.

Wanaoshika mafaili wasisubiri miaka hamsini. Wawaite walimu hao sasa, pamoja na wanafunzi wao na wakuu wa shule za kambini, wangali hai wa kutoa ushahidi.