Nani Kasema Kichuguu ni cha Maskini?

Hapa Kolwezi, mtu akipata pesa ya mgodi hujenga kwa bloku za saruji, ili jirani aone. Na mzazi akimchoka mtoto mvivu humtisha: hutaki kusoma, utaishia kukanyaga matope. Ni imani ileile kwa sura mbili: udongo ni wa maskini, na ufundi wake ni wa walioshindwa shule. Naikataa yote.

Vichuguu vya Katanga hufika mita 8 na zaidi, na matofali mengi ya Lubumbashi yametoka humo. Zamani zaidi, wayeyushaji walioitwa "wala shaba" walijengea tanuru zao udongo wa kichuguu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Udongo uliostahimili moto huo, leo tunauonea haya! Ajabu ni kwamba haya hizo huisha kobalti ikionekana: mwaka 2014, kule mtaani Kasulo, watu walichimba mpaka ndani ya nyumba zao.

Mtaniambia nyumba ya udongo huanguka masika. Kweli, huanguka. Lakini kaiangalie iliyoanguka: msingi hauna jiwe, paa limeishia sawa na ukuta, maji yote yanaramba tofali. Aliyejenga hakufundishwa. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi. Ukikosa mchanga wa kutosha, tofali hupasuka likikauka. Wa kutosha ni kiasi gani? Unaviringisha tonge kiganjani, unaliangusha, unatazama linavyovunjika. Somo hilo haliandikiki ubaoni, nasi tunafundisha ujenzi kwa chaki na rula.

Waganda walilijua hili kwa uchungu. Machi 2010 moto uliteketeza jengo kuu la makaburi ya Wakabaka, wafalme wa Buganda, kule Kasubi, Kampala. Kuezeka pale ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na paa lile halikurudi kwa michoro peke yake: ilibidi vijana washike nyasi na kamba mbele ya wazee. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Na anayedhani udongo haumpeleki mtu mbali amuulize Francis Kéré wa Burkina Faso: alianza na shule ya udongo kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 akatunukiwa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo.

Waprefe, ninyi wakuu wa shule za ufundi za Lualaba, kambi za zamani za wafanyakazi wa migodi, kama Musonoi na Kapata, zina nyumba za kutosha zinazolia kukarabatiwa. Ombeni moja tu. Mtafuteni mwashi mzee, mlipeni kama mwalimu, wala msimuulize diploma. Kiangazi kinaanza Mei. Tofali likifyatuliwa wakati huo litakauka kabla mvua hazijarudi.