Kifafa cha mimba kitambuliwe mapema

Miongoni mwa maradhi yanayowaua wazazi, kifafa cha mimba ni katika yale ambayo mara nyingi hutoa onyo kabla ya kupiga. Hutanguliwa na shinikizo la damu linalopanda baada ya wiki 20 za mimba, likafika 140 kwa 90 au kuzidi, na aghalabu protini huonekana katika mkojo. Duniani, maradhi ya shinikizo la damu katika uzazi huhesabiwa kuwa sababu kubwa ya pili ya vifo vya wazazi, baada ya kutoka damu. Dalili ya mvua ni mawingu. Suali ni nani anayeyatazama mawingu hayo, na kwa wakati gani.

Kwetu sisi watu wa visiwani suali hili si dogo. Mja mzito wa Kojani au Tumbatu anayeanguka kifafa usiku hana budi kuvushwa bahari ndipo afikishwe hospitali kubwa. Chombo kikichelewa, au bahari ikichafuka, roho mbili zimo hatarini. Wala si siri kwamba wangali wako wanaoudhania ugonjwa huu kuwa ni shetani, na saa za kuokoa maisha zikapotea uganguni.

Wako wanaofikiri kwamba kuubashiri ugonjwa huu kunataka mitambo ya gharama kubwa. Ni kweli kwamba katika utafiti uliotangazwa mwaka 1917 + 100, yaani 2017, huko Ulaya, waja wazito walipimwa kwa mitambo na kwa damu katika wiki ya 11 hadi ya 13, na wale waliokuwa hatarini wakapewa asprini. Ugonjwa unaolazimisha kuzaa kabla ya wakati ukapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini kituo kisicho na mitambo hiyo nacho kinaweza kuuliza. Je, mama huyu aliwahi kupata ugonjwa huu? Ana presha, kisukari au maradhi ya figo? Amebeba pacha? Je, hii ndiyo mimba yake ya kwanza? Majibu hayo, pamoja na kipimo cha presha, yatosha kumjulisha mkunga ni nani wa kuangaliwa zaidi.

Kinga nayo ipo. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mwanamke aliye katika hatari kubwa apewe asprini ya miligramu 75 kila siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20, na kwamba palipo na upungufu wa kalsiamu katika chakula, waja wazito wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Utafiti wa Dar es Salaam uliohusisha wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza, pamoja na mwingine wa idadi hiyo hiyo nchini India, ulionyesha mwaka 2024 kwamba miligramu 500 za kalsiamu hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia ugonjwa huu. Hiyo ni nafuu kwa hazina na kwa mama anayemeza vidonge. Hata hivyo, dawa hizi zitolewe na mhudumu wa afya. Asprini isinunuliwe dukani bila ya shauri lake.

Lakini dawa ya kuanzwa kabla ya wiki ya 20 haimfai anayefika kiliniki mimba ikiwa na miezi sita. Tunaiheshimu desturi ya kuisitiri mimba changa. Ila kuwasitiri majirani ni jambo moja, na kumficha mkunga ni jambo jingine. Waume, mama wazazi na mama wakwe wahimize mwendo wa kwanza ndani ya wiki 12.

Kwa upande wake, Serikali haina budi kuhakikisha kwamba kila kituo, hata cha kisiwa kidogo kabisa, kina mashine ya presha iliyo nzima, vijiti vya kupimia mkojo, asprini na kalsiamu. Kadhalika iwepo magnesiamu salfeti, dawa ambayo utafiti wa mwaka 2002 wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulithibitisha kuwa hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kwanza itolewe kituoni kabla ya mgonjwa kupandishwa chomboni, na ijulikane mapema chombo ni cha nani na mafuta yanawekwa wapi. Wala presha isiachwe kupimwa baada ya kuzaa, kwani kifafa huweza kuja hata mtoto akiwa amekwisha kupakatwa.

Viongozi wanaozuru vituo vya afya wasitosheke na kukagua majengo na kutia saini daftari la wageni. Waombe mashine ya presha ifungwe mikononi mwao wenyewe. Ikiwa haifanyi kazi, wasiondoke kabla ya kuuliza ni tangu lini, na ni waja wazito wangapi waliokwisha kurudi makwao bila ya kupimwa.