Mtungi Mtupu Haupiki



Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei. Nia hiyo ni njema. Lakini ruzuku hiyo hutolewa mara moja tu. Gesi ikiisha, mama hulipa bei kamili.

Mnyonge hununua mkaa kwa kopo, kadiri ya riziki ya siku. Gesi humdai fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Hana, basi mtungi hukaa uvunguni, naye hurudi kwenye moshi unaomdhuru macho na mapafu. Je, huo ni ukombozi, au ni hesabu ya mitungi iliyogawiwa?

Mtume Yakobo alimkemea anayemwaga mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa mahitaji yake. Fedha ya umma imfuate maskini hata kwenye ujazo wa pili na wa tatu. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo, zilizokwisha kujaribiwa Dar es Salaam, zifike na vijijini.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, hesabuni mitungi mitupu katika nyumba zenu, mkaipeleke hesabu hiyo kwenye mkutano wa kijiji. Haki haiombwi kwa kunong'ona.