BAO LICHEZWE, LAKINI MAJI NANI ACHOTE?

Ndugu wanakijiji,

Kiangazi hiki ufuta umekwisha kuuzwa, salfa imepulizwa, akina baba tuko chini ya mwembe na bao. Sigombi na bao. Hata mimi nacheza, na watu nawafunga. Lakini darasa la jioni akina mama wanakuja wawili watatu, tena wamechelewa kwa sababu ya ndoo. Na baiskeli ipo, imeegemea ukuta!

Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Leo mama anaokota korosho na watoto, stakabadhi ya ghala inaandikwa kilo na daraja, yeye anatia dole gumba tu.

Basi Jumanne na Alhamisi maji achote baba. Anayeona haya apite njia ya nyuma.

Katibu wa Chama