"Natoka Kenya" kwa Kifaransa: usibandike tu jina la nchi

Juzi nilikuwa natafsiri fomu ya kujisajili ya programu yangu iwe ya Kifaransa. Kwa Kiswahili kazi ni rahisi: andika "Natoka", bandika jina la nchi, basi. Natoka Kenya, natoka Uganda, natoka Komoro. Nami nikaandika "Je viens de" nikaacha nafasi ya nchi. Makosa matupu!

Kwa Kifaransa nchi zina jinsia. Kenya ni ya kiume, kwa hiyo "du Kenya". Tanzania ni ya kike: "de Tanzanie". Uganda ni ya kiume lakini inaanza na irabu: "d'Ouganda". Komoro ni ya wingi: "des Comores".

Uraia nao humfuata mtu. Mwanamume ni "kényan", mwanamke ni "kényane". Kwetu wote ni Wakenya. Fomu yangu ilimfanya kila mtu kuwa mwanamume.

Maoni yangu: sisi tunaoandika programu tuache kuunga sentensi vipande vipande. Kila nchi iwekewe maneno yake kamili kwenye hifadhidata. Na kwa uraia, andika "de nationalité kényane". Hapo kivumishi kinafuata neno "nationalité", ambalo ni la kike, hivyo kinamfaa mwanamume na mwanamke bila kuuliza jinsia ya mtu.

Swali la kwanza tunalomuuliza mgeni ni kwao wapi. Programu ikikosea hapo, kwa nini aiamini na mengine?