Tela ni ya Chai, Filamu Ina Kionjo

Hapa Kwamkoro, katika mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, tela ni kitu anachokifahamu hata mtoto asiyejua kusoma. Hukokotwa na trekta, hubeba majani mabichi kwenda kiwandani, na masika likikwama kwenye tope kila mtu husimama kulitazama. Kwa hiyo kijana mmoja aliponiamkia na kuniuliza, "Mwalimu, umeshaiona trela mpya?" nilimjibu kwamba mimi sina shamba. Alicheka, akatoa simu mfukoni. Alikuwa akizungumzia zile picha za dakika 2 au 3 zinazotangaza filamu au gemu ambalo bado halijatoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama vijana hawa kwa makini. Wanakusanya picha hizo, wanazipanga, wanarushiana kutoka simu hadi simu, na miongoni mwao wapo wawili watatu ambao wenzao huwategemea kuwachagulia ipi itazamwe na ipi iachwe. Hao ni wahariri, ingawa hakuna aliyewaita hivyo. Rai yangu kwa wapenzi wa lugha ni kwamba kazi yao ni kazi ya fasihi, na inapasa ifanywe kwa Kiswahili kilichopimwa.

Tuanze na jina. Waingereza waliuita mkato huo kwa neno lenye maana ya kitu kinachofuata nyuma, kwa sababu hapo awali ulionyeshwa baada ya filamu kwisha. Mmoja wa waanzilishi wake ni Nils Granlund, mtangazaji wa majumba ya sinema ya Marcus Loew nchini Marekani, ambaye mwaka 1913 alitengeneza picha fupi ya kuutangaza mchezo wa jukwaani. Watazamaji walikuwa wakiinuka na kuondoka kabla tangazo halijakwisha, ndipo likahamishwa mbele. Mahali palibadilika na jina likabaki nyuma. Sisi hatuna sababu ya kuurithi mkia huo. Tunalo neno kionjo, kutokana na kuonja, na tayari linatumika katika vyombo vya habari na kwa baadhi ya watengenezaji filamu wetu. Najua wapo watakaosema kwamba kionjo ni cha wanamuziki, yale madoido ya sauti na ala yanayoongezwa kuupamba wimbo. Ni kweli, na sioni ubaya. Mbuzi ni mnyama na ni chombo cha kukunia nazi, wala hatujasikia mtu akimchinja asiyestahili. Wengine wanapendekeza kidokezo, ambacho nakipenda pia, lakini kidokezo hukupa habari tu. Kionjo hukuachia ladha ulimini.

Washairi wenzangu watavutiwa zaidi na umbo lake. Katika bahari zetu tumefundishwa utoshelezi: ubeti ujitegemee, umalize wazo lake, msomaji asilazimike kuvuka kwenda ubeti unaofuata ndipo aelewe. Kionjo ni kinyume chake kabisa. Kinafungua na kukataa kufunga. Kinaonyesha kisu na hakionyeshi aliyechomwa. Jamaa yake wa karibu katika fasihi yetu ni kitendawili, isipokuwa hapa mji unaoombwa ni nauli na kiingilio. Na kama kitendawili, kionjo huharibika mara mbili: kikiwa wazi mno, na kikiwa na giza mno. Nimeona vionjo vinavyosimulia filamu nzima hadi mazishi, mtu akabaki bila sababu ya kuitafuta filamu yenyewe.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Filamu zetu nyingi za Kiswahili hujitangaza kwa lugha nyingine. Wahusika wanapendana, wanagombana na kuombana radhi kwa Kiswahili, lakini maandishi yanayopita kwenye kionjo ni Kiingereza, na mara nyingi jina lenyewe pia. Mazoea haya si ya jana. Filamu ya George Tyson ya mwaka 2003, ambayo wengi huitaja kuwa ilifungua mlango wa biashara ya filamu za video nchini, iliitwa Girlfriend. Marehemu Steven Kanumba alitupa Dar 2 Lagos. Sizibezi filamu hizo. Zilitazamwa hadi katika mabanda ya huku milimani, na Kanumba alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ilisikitika. Nasema tu kwamba Kiswahili kilifanya kazi yote ya ndani ya nyumba, kisha mgeni akawekwa mlangoni kupokea sifa.

Upo mfano unaonipa moyo. Amil Shivji aliifanya riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto nchini Kanada. Kwa wageni ilipewa jina la Kiingereza, ni sawa, lakini jina la Kiswahili halikuondolewa. Riwaya hiyo ilichapwa mwaka 1999, na walimu wa fasihi wa sekondari tunaijua vizuri. Nilipowauliza vijana wangu wangeitambulishaje kwa mtu ambaye hajaisoma, mmoja alisema, "Ni muvi ya kitambo ya Zanzibar, kali sana." Kali! Neno hilohilo alilitumia kwa filamu ya papa wala watu na kwa gemu la mpira. Niliwaomba wakae chini tuandike pamoja sentensi 3, na baada ya kufuta mara nyingi tulipata hizi:

"Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa mume aliye rika la baba yake. Anatoroka, na katika Zanzibar ya miaka ya 1950 anakutana na Denge, kijana ambaye askari wa Mwingereza hawampi nafasi ya kupumua. Kamba ina ncha mbili: mapenzi na ukombozi."

Kijana aliyesema "kali sana" ndiye aliyeipata ile kamba. Aliitoa ndani ya jina la kitabu. Hakuna aliyetaja mwisho, na hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja. Hilo ndilo ninalolitaka kwa kila anayewagawia wenzake vionjo: aandike sentensi zake chache, ataje filamu ni ya nani, ya mwaka gani na inazungumzwa kwa lugha gani, kisha anyamaze. Na achague. Huku kwetu bando hununuliwa kwa fedha ya kuchuma chai, na anayekurushia vionjo 20 bila kuvichuja amekula bando la mwenzake.

Wanaodai kwamba vijana hawataki Kiswahili katika mambo haya hawajawahi kuketi kwenye banda la video. Lufufu wa Dar es Salaam alijijengea jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Kenya wanaye DJ Afro. Tamthilia ya Sultan kutoka Uturuki iliingiziwa sauti za Kiswahili na Azam, ikawafunga watu wazima majumbani jioni. Wapo wanaolalamika kwamba wasimulizi wa mabandani hupotosha maneno ya filamu. Wanapotosha, naam, na pengine kwa makusudi. Lakini wanajua kumshika msikilizaji kuliko wengi wetu tunaohutubia kuhusu ushairi.

Gemu zina ugumu wake. Desemba 2023 kilipotoka kionjo cha kwanza cha Grand Theft Auto VI, kilitazamwa mara makumi ya mamilioni kwa siku moja, na hata hapa mlimani kilifika upesi. Ni gemu la uhalifu lililokusudiwa watu wazima. Mtoto wa darasa la 5 alikuwa akinisimulia magari na bunduki zake kwa Kiswahili kizuri mno, nikajikuta nimegawanyika kati ya kumsifu na kumkataza. Hapa mchaguzi hana budi kusema umri unaofaa, tena mwanzoni, kabla picha haijaanza kucheza. Pia aseme kama picha zinazoonekana zimetoka ndani ya gemu lenyewe au zimetengenezwa kwa ajili ya tangazo tu, maana mtoto hajui tofauti hiyo.

Lipo jambo la mwisho, na ndilo lenye haraka. Filamu zetu za miaka ya 2000 ziliuzwa kwa kanda, kisha kwa sidii na dividii, na katika diski nyingi zilitangulia dakika kadhaa za vionjo vya filamu zijazo. Tulikuwa tukizirusha ili tufike kwenye filamu. Baadhi ya filamu hizo sasa ni shida kuzipata, na huenda kionjo kilichomo kwenye diski ya filamu nyingine ndicho kilichobaki. Humo mna sauti za waigizaji waliokwishafariki, misemo ya mitaa ya wakati ule, na namna watangazaji walivyomwita mtazamaji aje. Wewe unayesoma haya, ukiwa na diski za namna hiyo chini ya kitanda, ziweke kwenye deki wiki hii ikiwa deki bado inawaka. Usirushe mwanzo. Shika kalamu, uandike kila neno linalosemwa, pamoja na jina la filamu na la msambazaji, kabla mikwaruzo haijafika hapo.