Neno la Mhariri: Sala Inayobisha Hodi

Katika mashirika ya Kikristo ya Moba, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, kuanzia bandarini hadi Kirungu kule juu, habari ya msiba haikawii. Jua halijazama wanashirika wamekwisha kufika: huyu na mzigo wa kuni kichwani, yule na unga katika bakuli lililofunikwa kitambaa, mwingine na samaki wa ndakala wakavu. Wanawake wanachukua ndoo na kwenda kuteka maji bila kuagizwa na mtu. Kisha mshumaa unawashwa, rozari inaanza, na mfiwa ambaye tangu asubuhi hakuweza kutoa neno anajikuta akiitikia pamoja na wenzake.

Toleo hili linahusu sala wakati wa shida, na msimamo wetu tunauweka wazi tangu ukurasa huu wa kwanza. Mungu hujibu kwa njia anazozijua mwenyewe. Hayo si ya mhariri kuyapima. Lakini kwa kadiri macho ya binadamu yanavyoona, nguvu ya sala iko katika ile inayomleta jirani mlangoni. Sala inayomtenga mgonjwa na jirani yake, na daktari, na dawa zake, inamwangamiza, hata ikinukuu Biblia kutoka Mwanzo hadi Ufunuo.

Moba haikujifunza kusali katika raha. Kabla ya misheni, Watabwa, wenyeji wa hapa, waliwaita wahenga na ngulu, roho wa nchi, mvua ilipokataa au mtoto alipougua. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, ofisa Mbelgiji aliyejenga ngome pale Mpala, walimuua mtemi Lusinga, na kichwa chake kikasafirishwa hadi Ubelgiji. Mwaka uliofuata ngome hiyohiyo ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Waliokusanyika humo wengi walikuwa wamenusurika na wafanyabiashara ya watumwa, au wamekombolewa mikononi mwao. Walikuwa watu waliopoteza ukoo mzima na ambao hata wakifa hapakuwa na ndugu wa kuwalilia. Kwao kusali pamoja kulikuwa pia kupata jamaa upya. Mwaka 1893 ikaanzishwa misheni ya Baudouinville, ambayo leo ni Moba, na hapo tarehe 21 Julai 1917, Vita Kuu ya Kwanza ingali inaendelea, Stefano Kaoze akapewa upadri, Mkongomani wa kwanza wa enzi hizi kufikia daraja hilo.

Kaoze anakumbukwa, na anastahili. Ila kwa mada yetu kuna mtu mwingine, wa ng'ambo ya ziwa, ambaye vijana wetu wangepaswa kumjua zaidi. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa Tanzania ya leo, akiwa katekista na tabibu. Alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67 ya kufundisha katekisimu na kutibu wagonjwa, tena akijifunza na miti shamba ya wenyeji. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumuuliza Mungu alikuwa wapi, ni mtoto huyo aliyeuzwa. Naye alisali, akamaliza, akafungua mkoba wa dawa. Hakuona kwamba la kwanza linazuia la pili.

Wapo watakaotuambia kwamba sayansi imekwisha kulifunga swali la kama sala humsaidia mgonjwa. Ni kweli kwamba mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 6 za Marekani, chini ya daktari Herbert Benson, kwa wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo. Walioombewa hawakupona vizuri kuliko wasioombewa. Tena waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59, wakati wale walioombewa bila kuwa na hakika walikuwa asilimia 52. Tuyapokee matokeo hayo bila hofu. Lakini tuangalie pia kilichopimwa: waombaji walikuwa mbali, wakipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyempikia uji. Sala ya namna hiyo haifanani na ile ya shirika la Moba, na utafiti huo haukuigusa.

Hatari ya kweli haiko Marekani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaosemekana walifunga kula ili wakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Na huku kwetu, msomaji anafahamu vyumba vya maombi ambamo mgonjwa wa kifua kikuu huambiwa kwamba kumeza vidonge ni upungufu wa imani, au mjane huambiwa kwamba mchawi aliyemuua mumewe ni mama mkwe. Hayo tunayakataa kabisa.

Wala tusijisifu sana sisi wa mashirika. Tarehe 1 Agosti 2007 uvumi ulienea Moba kwamba wakimbizi Wanyamulenge, Watutsi wa Kongo, wataletwa mjini, na umati ukashambulia ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada. Wakati huo meli Mwongozo ilikuwa imeanza kuwarudisha kutoka Mpulungu, Zambia, wana wa Moba wenyewe waliokaa miaka katika kambi za Kala na Mwange. Safari zikasimama. Mji wenye makanisa mengi namna ile ulimfungia mlango mgeni, na wana wa mji wenyewe wakabaki nje pamoja naye. Sala ya pamoja inayoishia kwa watu wa kwetu tu bado haijafika.

Shida hazijatuacha. Vita ya Wabatwa na Waluba imehamisha maelfu katika jimbo la Tanganyika, na mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia nyumba za watu Kalemie na Uvira. Aliyepoteza nyumba anahitaji kusaliwa, na anahitaji pa kulala usiku huohuo.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo na linawezekana. Mapadri, wachungaji na maimamu, mnapomwombea mgonjwa, mwulizeni mbele ya watu kama dawa zake hazijaisha. Na ninyi wanashirika, mkikutana juma hili, angalieni ni nani hakuonekana mara mbili mfululizo, mwende kwake kabla hajawaita.